Anzia Juu

Mkolani, Mwanza

Mdogo wangu Prudencia,

Barua yako nimeisoma wakati wa chai. Unasema programu yako ya kompyuta inatakiwa kufuta sifuri zote kwenye orodha, lakini zikifuatana mbili, moja inabaki. Na kwa sababu hiyo unataka kuacha chuo urudi Bukoba.

Mimi niliishia darasa la saba, ila hapa kiwanda cha samaki kazi yangu ni kutoa sangara walioharibika kwenye meza iliyoinama. Wiki ya kwanza nilianzia chini kupanda. Nikimtoa mmoja, wa juu yake anateleza kushika nafasi yake, na mkono wangu umeshapita. Msimamizi wetu, Mama Shigela, akacheka: “We Mhaya, huyu aliyeoza unamfuga? Anzia juu!” Tangu hapo wanaoteleza ni wale niliokwisha kuwakagua.

Jaribu kuanzia mwisho wa orodha. Nikikosea nicheke, lakini usiache.

Mgongo unanisumbua, usimwambie mama. Nataka mmoja wetu afanye kazi akiwa amekaa.

Kaka yako anayekungoja uhitimu,
Osward