Kisiki Kikichipua

Jumatatu, 7 Oktoba. Mawingu, upepo kidogo.
Yoga uani, kisha kuokota korosho. Mgongo una nafuu. Hasira haina. Shemeji Saidi amepita tena. Eti ardhi ni ya ukoo wao, mume wangu amekufa, nihame Lionja. Ardhi sawa. Mikorosho nimepanda mimi. Huku mti ni wa aliyeupanda, hata udongo ukiwa wa mwingine.

Alhamisi, 10 Oktoba. Jua kali.
Mikorosho miwili iko chini. Shoka la Saidi. Mabibo yamepondwapondwa. Nataka kumkata shingo. Naandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Oktoba. Joto.
Ruangwa, kwa Dada Rehema anayenifundisha yoga. Nilimwambia nimelinoa panga. Nilidhani ataniambia nitulie. Akasema nikifikiri naufukuza moyo, nikikasirika naifukuza akili, na yoga maana yake ni kuunganisha. "Hasira ikija usiifukuze, mdogo wangu. Iulize inalinda nini." Maneno ya mtu asiye na shamba. Nimerudi Lionja nimenuna.

Jumapili, 10 Novemba. Mvua ya kwanza, haba.
Visiki vimechipua. Majani machanga, mekundu. Wazee wanasema kisiki kikichipua mti uko hai, na mwenyewe ni yule yule; kikifa, haki yake inakufa nacho. Saidi naye amesikia.

Jumanne, 12 Novemba. Manyunyu.
Alikuja na shoka na dumu la mafuta ya taa, achome visiki. Nikatoka na panga. Akacheka. "Mjane wa kunyoosha miguu, utanifanya nini?" Akanipiga mpini wa shoka kwenye paji la uso. Nikampiga mtama, akaanguka chali. Panga juu ya shingo yake. Damu yangu ilimdondokea machoni.

Moyo ulisema kata. Nikauuliza unalinda nini. Miti. Akili ikasema nikifungwa hakuna wa kuilinda. Hapo zikawa sauti moja. Hasira haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa inaona. Nikalishusha panga kwenye mpini wa shoka lake. Nikakata mpaka ukakatika.

"Inuka, shemeji. Kesho uje na wazee."

Jumatano, 13 Novemba. Asubuhi ukungu.
Wazee wamekuja, wameyashika machipukizi kwa vidole. Wameamua mikorosho ni yangu. Saidi alitazama chini muda wote. Nyuzi za kidonda nilizoshonwa jana zahanati zinavuta. Jioni nimekaa kitako uani, nimevuta pumzi, nimemlilia mume wangu. Panga nimelifuta, liko mlangoni.
Nalala sasa, saa tatu na robo.