Imani Haitoshi Darasani

Mjukuu wangu Agnesi,

Shikamoo yako imefika. Bibi yako hajambo, na mpunga wa Michenga umechanua.

Mkuu wako wa shule amekunyima ruhusa ya kwenda kozi ya walimu wa dini akisema, "Imani inatosha." Si kweli! Nilikuwa na imani tele nilipofundisha watoto wa komunyo ya kwanza kule Mofu, nikiwa kijana. Binti mmoja aliyefiwa akaniuliza, "Mwalimu, baba hakubatizwa. Sasa yuko wapi?"

"Hilo halimo kwenye katekisimu. Kaa chini!"

Wenzake walicheka. Hakurudi tena.

Baadaye, kozini, nilimsimulia mkufunzi. Akauliza, "Baba yake alikuwa mtu wa namna gani?" Sikujua. Sikuwahi kumuuliza yule mtoto.

Mwalimu Mkuu, Agnesi akikusomea barua hii, mpe ruhusa leo.

Babu yako