Nyakundi, Bunduki Yako Sasa Inapiga Inapoangalia

Nyakundi, omosani, rafiki yangu,

Kwanza habari njema. Kutoka Ikonge mpaka Gesima hakuna rafiki wa mtu aliye na bahati kama mimi, na nasema hivyo nikiwa nimetembea dunia, si kama hao waliofika Kisii mjini mara moja wakarudi na miwani ya jua. Juzi jioni nililala ukingoni mwa shamba lako na bunduki yako. Nguruwe mwitu akatoka kichakani, mkubwa kama kochi la mapadri. Risasi moja tu! Akakaa chini kama mtu aliyeitwa barazani kwa chifu. Wasabato wenzako walipita wakiangalia mawingu, Wakatoliki wakaja na visu. Ungecheka mpaka ukohoe.

Hapana. Kukohoa tuache.

Tangu tukuzike, bunduki ninayo mimi. Chifu amesema niishike mpaka mavuno, halafu irudishwe stesheni. Mke wako Kemunto ndiye aliyeniletea. Akasema, "Shemeji, si wewe ulifanya kazi gereji Nakuru? Itengeneze. Nguruwe wakimaliza haya mahindi, watoto nitawapikia mawe?" Nikamwambia aniachie mimi. Unanijua, mdomo wangu hautoki nyumbani bila ahadi.

Unakumbuka tulivyoijaribu kule bondeni? Ulikuwa umeinunua kwa bei ya kutupa, darubini ikiwa juu yake, kwa mzungu wa upande wa Sotik aliyekuwa anahama. Tukachora doa la mkaa kwenye shina la mgomba. Risasi ya kwanza kulia, ya pili juu, ya tatu mpaka leo hatujui ilikokwenda. Ukaniambia, "Wewe Ombati, macho yako yamejaa pombe ya Nakuru." Nikanyoosha mkono nione kama darubini imelegea, ukanipiga kofi la vidole: "Usiguse! Mzungu aliifunga mwenyewe." Nikakujibu kwamba mzungu mwenye haraka ya kwenda kwao hafungi hata mlango. Ulininunia njia nzima. Tulipofika kwako ukanipa uji, kibuyu kikubwa.

Sasa sikiliza kosa lilikuwa wapi. Ulikuwa unaiweka irongo, darini pale juu ya meko, pamoja na wimbi na mbegu za mahindi, ukisema moshi unatunza kila kitu. Mbegu, sawa. Lakini bunduki ina mti unaobeba mtutu, ndugu yangu. Moto uliukausha, mvua ikaulowesha ukitoka nayo, moto tena, mvua tena, mpaka ule mti ukapinda ukaanza kuusukuma mtutu. Nilipitisha karatasi kati ya mti na mtutu, ikakwama. Nikasugua na msasa, polepole, mpaka karatasi ikapita yenyewe. Halafu nikaja kwa darubini. Skrubu ya pete ya mbele ilikuwa haishiki kitu, na ndani ya tundu lake nikakuta njiti ya kiberiti imeshindiliwa. Nikacheka peke yangu. Mzungu gani huyo wa njiti, Nyakundi? Kisha nikaona imetafunwa upande mmoja, vile ulivyokuwa ukitafuna. Iko mfukoni mwangu.

Skrubu nyingine nilipata soko la Daraja Mbili kwa fundi wa cherehani. Nikafuta mafuta, nikakaza hii kidogo na ile kidogo, kwa zamu. Bondeni, mgomba ukapata matundu matatu ambayo kiberiti kimoja kinayafunika yote.

Kwa hiyo ilikuwa hivyo tu. Msasa na skrubu. Na wewe uliacha kuiamini, ukawa unalala shambani kwenye manyunyu ukipiga debe kufukuza nguruwe, mpaka kifua... Msasa na skrubu, omosani.

Sasa nikuulize kitu, na usinifiche. Unataka nini pale mwisho wa mahindi? Kila nikiweka jicho kwenye darubini, umesimama kwenye njia ya nguruwe, kola juu, koti lako la kijivu. Koti hilo tulikuzika nalo, mimi ndiye niliyelifunga vifungo. Nikiinua uso, naona mabua. Nikirudisha jicho, uko. Mara ya kwanza nilisema ni uchafu wa kioo, nikafuta na shati. Halafu nikasema nimeifunga vibaya. Nikaifungua yote, nikaifunga upya, nikapiga mgomba, ikagonga doa. Nikarudi shambani. Bado uko, na nguruwe wanapita nyuma ya miguu yako wakitafuna.

Kidole kinakataa kuvuta, Nyakundi. Mimi niliyelala nje Kampala bila blanketi, narudi nyumbani na risasi zote.

Asubuhi Kemunto huniuliza, "Shemeji, bunduki bado inaumwa?" Namjibu, "Inapata nafuu." Anaokota mabua yaliyoangushwa.

Basi tuagane vizuri. Kesho jioni naenda tena. Ukitaka kusimama, simama, shamba ni lako, ila sogea upande wa majani chai. Na usiposogea, nitafumba jicho hili lingine pia na nitavuta. Watoto wako hawatalala njaa mimi nikiogopa koti. Nimekuahidi. Pumzika, omosani, umelinda vya kutosha.

Na yule nguruwe niliyekwambia, hayupo. Sijaua hata mmoja. Nusu ya mahindi yako imeshaliwa.

Ombati