Fulana ya Kaa Iliyomwokoa Muuaji

Nerima, Tokyo
Tarehe 16 Novemba

Mpendwa Shangazi Fumie,

Shikamoo. Hamjambo huko Kushiro? Baridi imeshakaza? Na goti la Mzee Tatsuo, limetulia? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na siku hizi kazi yangu ni kuua watu. Usishtuke, ni kwenye katuni!

Unakumbuka nilikuambia nimepata nafasi ya kumtolea sauti muuaji wa kike katika katuni ya mapigano. Wauaji wawili, wanawake mahasimu, wanawindana. Kumbe magaidi wametega bomu kwenye treni waliyopanda wote wawili. Hasimu yangu analiona chini ya kiti, nami natakiwa nimcheke usoni. Kicheko hicho kilinitoa jasho, shangazi. Kila nikijaribu kinatoka kikavu kama wali wa juzi.

Jumanne mwongozaji wetu, Bwana Okuma, alinipasulia kutoka nyuma ya kioo cha studio: "Mara ya mwisho, Chizuru. Ukishindwa namwita mwingine." Nikakukumbuka wewe. Nilipoacha kazi ya dukani kwa ajili ya ndoto hii, ni wewe peke yako uliyenitia moyo.

Sasa, kwetu vipaza sauti ni vichache na waigizaji ni wengi. Tunapokezana kwa kunyata, hata karatasi hugeuzwa bila sauti. Nami kwa kujishaua nikavaa koti jipya la nailoni, linalopiga kelele kila nikisogea! Nilipokaribia tu kipaza sauti, fundi akaja juu: "Nani anakaanga samaki humo ndani? Vua hilo likoti, dada!"

Nikavua. Ndani nilikuwa na fulana ya sufu uliyonifumia, ile yenye kaa mwekundu mwenye makengeza.

Motoko, mwigizaji mkongwe anayemsemea hasimu yangu, hakuwahi hata kunitabasamia. Alipomwona kaa, akashika mbavu. "Mama wee! Huyu ndiye wa kuniua mimi? Na kaa wake?"

"Shauri yako, dada Motoko. Anabana huyu!"

Hapo nikaangua kicheko changu mwenyewe, kile unachosema kinaamsha majirani. Bwana Okuma akagonga kioo: "Hicho hicho! Kisipoe, twende!" Tukarekodi palepale, machozi ya kicheko yakinitoka.

Nafasi ni yangu hadi mwisho, shangazi! Nimefurahi mpaka nimejificha chooni nikalia.

Motoko naye anaomba umfumie fulana, yake iwe na pweza. Nilimwambia adui hapewi zawadi, lakini wewe mfumie tu, ni mtu mwema.

Msalimie sana Mzee Tatsuo na binamu yangu Kanae. Mababu wawatunze, theluji isiwazidi, na mikono yako isichoke.

Alhamisi jioni washa runinga. Ukimsikia mwanamke anacheka mbele ya bomu bila woga, ujue amevaa sufu yako.

Ni mimi nikupendaye, mwanao,
Chizuru