Zinia Zimeota, Mwenyewe Hayupo

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe kaja kumchukua mke wangu. "Akapumzike kidogo, baba." Mimba ilitoka Ijumaa. Tangu hapo ananijibu neno moja moja – ndiyo, hapana, baadaye. Kabla ya kupanda gari kageuka kutazama tuta kando ya ukuta. Alilichimba Alhamisi, siku moja tu kabla, akapanda mbegu za maua ya zinia. "Usiache pakauke." Basi. Mlango ukafungwa.

Kidogo ndiyo kiasi gani?

Jumapili, 9 Machi

Zimeota! Vijani viwili viwili, kama masikio ya panya. Nikampigia simu haraka. Kapokea mama yake: amelala. Asubuhi yote hii?! Nimefagia nyumba. Nimefagia tena. Hakuna hata vumbi.

Jumatano, 26 Machi

Konokono wamemaliza upande mmoja. Nimewaokota alfajiri – fundi friji mzima, magoti kwenye matope! Jirani yetu, yule tunayemwita Redio, kachungulia juu ya ukuta: eti nikate vichwa vya miche, itatoa matawi mengi. Nikasema sikati kitu cha mtu. Akauliza mwenyewe anarudi lini. Nikajifanya simu inaita.

Jumamosi, 12 Aprili

Akili haitulii. Nimejaza gesi kwenye friji ya mwenye bucha, nikasahau kufunga valvu. Yote ikatoka – fyuuu! Mwenye bucha kacheka: "Fundi, roho umeiacha wapi?"

Jioni shemeji, kaka wa mke wangu, kaja kuchukua nguo za dada yake. Na zile za sherehe pia! Mtu anapumzika na nguo za sherehe? Nikamuuliza dada yake anasemaje. "Hasemi, shem. Anakaa tu." Kafika mlangoni, kasita. "Kile chumba. Anaogopa kukiona."

Chumba cha mtoto. Tulikipaka rangi wote wawili. Nimefunga mlango wake. Nimefungua. Nimefunga.

Alhamisi, 1 Mei

Ua la kwanza! Rangi ya chungwa, limesimama wima kama askari wa zamu. Nikalipiga picha, nikamtumia. Kaiona. Nikaenda kazini, nikarudi, kimya. Ndipo: "Mwagia maji chini. Majani yakilowa yatashika ukungu."

Maneno yake mwenyewe! Hata hali hakuniuliza. Haidhuru. Au inadhuru?

Jumapili, 11 Mei

Nimekata maua, nikaenda bila kupiga simu. Ningepiga, wangesema amelala.

Niko sebuleni kwa mama mkwe. Naandika kwenye simu, mikono ipate kazi. Kanikaribisha vizuri, maua kayatia kwenye jagi. "Ungetuarifu, mwanangu." Kisha kaingia chumbani. Nawasikia. Mama anasema nimekonda. Mke wangu anauliza nimekuja na nani. Peke yake, anajibiwa. Kitanda kinalia.

Katoka! Miguu mitupu. Kanipita, kaenda moja kwa moja kwenye jagi. Salamu hakuna. Anachambua majani ya chini yasioze majini.

"Yale ya rangi ya waridi yamechanua?"

"Bado. Yana vitumba."

"Hukukata vichwa."

"Nilikungoja wewe."

Mkono umesimama. Mama mkwe yuko mlangoni. Mke wangu hajageuka. Kanyoosha kiganja nyuma, kuelekea kwangu.

"Nipe mkasi."

Sina. Nimeuacha nyumbani, kwenye tuta. Namwambia: "Uko kwenye tuta lako, unakungoja."