Punje ya Pili

Mjukuu wangu Mugisha,

Shikamoo yako imefika Nyabiyonza, marahaba. Sisi ni wazima. Migomba imezaa kuliko walaji tuliobaki nyumbani.

Unauliza niliachaje kiko, maana huko Mwanza kuacha sigara kumekushinda siku ya kwanza tu.

Niliacha kwa ajili ya kifua, babu yako akiwa Uganda kwenye vibarua. Asubuhi niliyoamua kuacha, nilimpa kiko changu Kokuteta, jirani niliyezoea kuvuta naye. Akaenda kukificha, akarudi bila chake pia. Nikamwambia, "Wewe huumwi." Akajibu, "Nikivuta, utasikia harufu."

Tukaingia shambani kupalilia. Kila hamu iliponishika, matusi yakinijia mdomoni, Kokuteta alitoa tunda moja la kahawa kavu, kama lile tunalompa mgeni atafune, akalipasua. Ndani mna punje mbili: akanipa moja, moja akatia kinywani mwake. Hakunihimiza wala kunisifu. Alitafuna tu, uso umemkunjamana kama wangu, mpaka jua likazama.

Kokuteta tulimzika mvua zilizopita. Hamu ya kiko haijarudi. Lakini nikipasua kahawa, ile punje ya pili naishika mkononi mpaka inapata joto, kisha nairudisha kikapuni.

Nimekufungia kahawa kidogo humu. Kabla hujapasua ya kwanza, tafuta wa kukaa naye.

Ni mimi bibi yako, ninayekuwaza.