Hisa kwa Jina Langu

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Binti akirudi shule, mpe dawa ya kifua. Ufunguo wa stoo uko kwa jirani.

Asubuhi nilinyamaza kwa sababu binti alikuwa mezani. Ulisema zile hisa za upendeleo unazonunua, zenye gawio maalumu la faida kila mwaka, tuziandikishe kwa jina langu, maana mimi sina kipato, na kodi ya gawio itapungua. Hesabu yako ni sawa. Ila hilo “sina kipato” lilinichoma. Niliacha uuguzi nimtunze mama yako mpaka akafumba macho, na tulikubaliana sote wawili. Nyumba jina lako, gari jina lako. Leo kodi ndiyo imekukumbusha kwamba nami nina jina.

Nimempigia simu dalali wa hisa. Akasema, “Mama, jina likiwa lako, hisa ni zako na gawio ni lako. Jina haliazimwi.” Sasa nakwenda ofisini kwake.

~~Sisaini kitu.~~ Nitasaini, lakini gawio litaingia kwenye akaunti yangu, na matumizi nitapanga mwenyewe. Ukiona zito, nipigie kabla sijasaini. Tutaziandika kwa jina lako, nawe ulipe kodi yote.

Mkeo